Swala wa Kuvaa Kichwani

Mzee wangu, bwana yangu, ni mchongaji. Mimi kazi yangu ni kupiga msasa na kupaka rangi ya viatu, ili kitu ionekane ya zamani. Siku moja hapa Mwingi alikuja mfanyabiashara mtu wa Mali, na picha ya swala wawili, dume na jike, akataka tumchongee. Si kinyago ya uso. Huyo swala anakaa juu ya kichwa, chini kuna kikapu kama kofia, halafu mtu anafunikwa na nyasi mpaka miguu, anaenda kucheza shambani. Mtu wa Mali alikuwa anaongea kama ameweka yai mdomoni: "Mama, akivaa, yeye si mtu tena. Haongei." Nikamwiga hapo hapo, akacheka mpaka akakaa chini.

Mimi naiga kila mtu. Pasta, chifu, mama mkwe wangu akiitisha chumvi. Nilikataa mmoja tu, msichana wetu tuliyemzika. Tangu mazishi mzee alikuwa ananiomba, "Niigie yeye. Mara moja tu." Namwambia, wafu sichezi nao.

Swala jike alipoisha kuchongwa, nikamvaa nimchekeshe mzee. Nikajifunika leso uso mpaka kiuno. Ilikuwa mchana, jua kali, kuku wanachakura. Nikainama, nikarukaruka kama mbuzi mwenye mimba. Mzee hakucheka. Akasema polepole, "Sasa sikuoni uso. Niigie yeye."

Nikamhurumia. Nikatoa sauti ya msichana, vile alikuwa anaingia kwa geti: "Baba, umekula?" Nilitaka kuishia hapo. Lakini mdomo ukaendelea: "Na hicho kidole, funga vizuri."

Kidole gani? Nikatoa leso. Mzee alikuwa ameficha mkono ndani ya koti tangu asubuhi. Akautoa. Tezo yake ya kuchongea ilikuwa imemkata, kitambaa kimejaa damu. Hakuwa ameniambia, aliogopa kelele zangu.

Mtu wa Mali aliporudi, mzee alimpatia dume peke yake.

"Hawa wanaenda wawili, mzee."

"Huyu mwingine haendi."

Sasa kila saa nane mchana anamleta jike, anamweka kwa magoti yangu. "Vaa." Namwambia nina homa, koo imekauka. Jana nikafunga mdomo kabisa, na mkono juu yake. Mzee akamwangalia swala. Akasubiri. Akatingisha kichwa kama mtu ameulizwa kitu, akajibu, "Mama yako yuko hapa. Anaogopa tu."