Wenye Kibali

Mama mkwe wangu alikuwa mtu wa maombi, na mtu wa maombi akisikia neno kibali hafikirii muhuri wa ofisi. Kanisani kwetu hapa Tlawi, kibali kinatoka juu. Msichana akiolewa vizuri, amepata kibali. Mvua ikinyesha shambani kwako na kumruka jirani, wewe una kibali, na jirani ajichunguze. Kwa hiyo siku mwenyekiti wa kijiji aliposimama mkutanoni akasema wanakuja watafiti kuchukua damu ya watu na ya mifugo, tusiwaogope maana wana kibali, mama alinigusa kwa kiwiko.

"Umesikia?" akaniuliza.

Nilisikia. Ila yeye alisikia kitu kingine.

Wakati huo alikuwa anaumwa tayari. Homa ilikuwa inakuja na kuondoka tangu mvua zianze, jasho linamlowesha shuka, na mgongo unamuuma hadi anainuka kwa kushika ukuta. Ng'ombe alikuwa anawakamua yeye mwenyewe, na ng'ombe akishindwa kuzaa, mama ndiye aliyekuwa anaingiza mkono kumvuta ndama. Nilikuwa nimembembeleza muda mrefu twende hospitali, na hatimaye alikubali: tukimaliza kupalilia mahindi, tunakwenda. Nilishamfulia kabisa gauni lake la safari.

Watafiti walifika kabla hatujamaliza kupalilia. Mmoja wao alikwenda zizini, na binti mmoja mpole akabaki ndani na wakwe zangu. Alisalimia vizuri, shikamoo baba, shikamoo mama, akakaa kwenye kigoda, akawasomea maelezo yote. Mimi nilikuwa nachochea moto na nilimsikia. Alisema huu ni utafiti, si matibabu. Alisema damu inakwenda maabara mbali, na anayeumwa aende kituo cha afya kama kawaida. Sina ugomvi na alivyosoma. Lakini alisoma kwa Kiswahili cha vitabuni, na mama yetu alikuwa anawaza kwa Kiiraqw. Alikuwa anaitikia kwa kichwa kama anavyoitikia mahubiri yakiwa marefu.

"Mama, umeelewa?" binti akauliza.

"Nimeelewa, mwanangu."

Angejibu nini? Kwetu mgeni aliyepanda mlima kuja kwako huwezi kumwambia hujamwelewa. Akaweka dole gumba, akatoa mkono achukuliwe damu. Baba mkwe naye akafuata, akanywa chai yake, akarudi kwenye mbuzi wake.

Basi, safari ya hospitali ikafa pale pale.

"Nimeshapimwa," mama aliniambia nilipomkumbusha.

Nilimweleza, wala si mara moja. Nilimwambia kwa Kiiraqw kwamba wale hawakuja kumtibu, wanajifunza tu, na damu yake imechanganywa na ya kijiji kizima. Alinitazama akacheka, maana alikuwa hodari wa kunitania.

"Wale wana kibali. Wewe una kibali gani?"

Mume wangu naye alijaribu, akaambiwa subira huvuta heri. Ukweli ni kwamba mama alikuwa na hesabu yake, na siwezi kusema ilikuwa ya kijinga. Hapa ukisema umepimwa, umeshafika nusu ya kupona. Kinachobaki ni majibu. Majibu yakichelewa, maana yake huna kitu, kwa sababu ukikutwa na kitu kibaya watakutafuta mbio. Kwa hiyo kadiri watafiti walivyokaa kimya, ndivyo mama alivyozidi kujiona mzima. Jumapili alikuwa akisimama kanisani, ameshika benchi kwa mikono yote miwili, akimshukuru Mungu kwamba amepimwa na hana ugonjwa. Watu wakapiga makofi. Mimi nilitamani kulia.

Tulimbeba alipokuwa hana tena nguvu ya kukataa. Miguu ilikuwa imevimba, na akilala chali anakosa pumzi. Daktari aliuliza kwa nini tumekaa naye nyumbani muda wote huo, mume wangu akatazama chini. Alisema moyo umeshaharibika. Hakutwambia nini kiliuharibu, na mama hakuishi muda wa kutosha wao kujua.

Nilikasirika, na sikujua nimkasirikie nani. Binti alisoma kila kitu. Mwenyekiti alisema kweli, kibali walikuwa nacho. Nikamkasirikia marehemu mwenyewe, jambo ambalo huwezi kulisema msibani huku umebeba sufuria ya chai ya waombolezaji. Nilimpenda mama yule. Hadi leo nikimkumbuka alivyonicheka, sijui kama nicheke naye au nimgombeze.

Mahindi yalikuwa yameshavunwa binti aliporudi. Awamu ya pili, alisema. Alisimama mlangoni akamtafuta mama kwa macho, na nilipomwambia ametutoka, alikaa kwenye kigoda kile kile. Alitupa pole ya kweli. Kisha akaomba ruhusa, akasema kifo cha mshiriki kina maswali yake, kama tuko tayari. Tukamruhusu.

Aliuliza homa ilianza lini. Aliuliza kama alikuwa anakunywa maziwa mabichi. Aliuliza kama alipelekwa hospitali, nikasema ndiyo, mwishoni.

"Kwa nini mlichelewa, mama?" aliniuliza kwa upole, kidole kikiwa juu ya kishikwambi chake. "Umbali? Nauli?"

"Alikuwa anawasubiri nyie."

Kidole hakikushuka. Alinitazama kama hajasikia vizuri, nikarudia, polepole, bila kupandisha sauti. Nikamwambia alidhani mmempima. Alidhani mko kimya kwa sababu ni mzima.

Machozi yalimtoka, na kusema kweli sikumwonea huruma siku ile. Hapo ndipo baba mkwe, aliyekuwa amejikunyata kwenye kona ya jiko ndani ya blanketi lake, akakohoa na kusogeza kiti karibu na mgeni. Juma lote alikuwa analalamikia baridi, na sisi tulisema ni majonzi.

"Na yangu, mwanangu," akamwambia, "majibu yametoka?"

Sikumsubiri binti ajibu. Nilimvalisha mzee koti juu ya blanketi, nikamwambia kwa Kiiraqw kwamba hajapimwa na mtu yeyote, nikatoka kuita bodaboda.