Goti la Saidi katika Maji ya Moto

Asubuhi ile baba alikuwa akishona kanzu ya bwana harusi. Saidi, mdogo wangu wa miaka tisa, alikuwa chini ya cherehani akiokota vipande vya kitambaa. Tuliishi Bukavu, karibu na mto Rusizi. Mama alikuwa ameshafariki, nami nilikuwa nimeacha shule ili niwapikie. Adhuhuri milio ya bunduki ilishuka kutoka mlimani, na daraja la kuvukia Rwanda likafungwa.

Jioni tuliteremka mtoni pamoja na wengine. Baba alitufunga kwa kitambaa cha ile kanzu: mimi mbele, yeye nyuma, Saidi mgongoni mwake.

Tulipofika katikati, risasi ilimpata Saidi pajani. Baba alinisukumia mtoto. Kisha nikahisi kitambaa kimelegea. Maji yalikuwa yamemzidi, naye alikuwa amefungua fundo lake ili asituvute chini.

Hatukumwona tena.

Hospitalini, upande wa Rwanda, mfupa wa Saidi uliungana, lakini goti likakataa kukunjika. Mama mmoja wa mazoezi ya viungo, tuliyemwita Maman Kine, alisema mguu ule haungeweza kubeba mwili nchi kavu. Ndani ya maji mwili huwa mwepesi. Atembee humo kila siku, la sivyo atabaki na magongo maisha yake yote. Tukahamia kwa shangazi Bugarama, kwenye bwawa la chemchemi ya maji ya moto.

Desturi ya pale ni mgonjwa kukaa kimya, maji shingoni, tope mwilini, akiyaachia maji kazi yote. Saidi hata huko hakufika. Alikaa ukingoni.

"Yaya, hii maji inachukua bantu," aliniambia mimi dada yake.

Sikumwambia kwamba maji hayachukui watu. Nilifanya nilivyoonyeshwa na Maman Kine: nikaingia kwanza, nikamgeukia, nikamshika viganja, nikarudi kinyumenyume. Kumbeba alinikataza, kwa sababu mguu unaobebwa haujifunzi. Kwanza Saidi alikubali maji ya kifundoni tu. Yalipomfika kiunoni, majuma mengi yalikuwa yamepita, na goti likaanza kuitika.

Mzee mmoja aliyekuwa amezama hadi shingoni alimtazama akipita.

"Wewe petit, unatembea sawa bata yenye imeshiba."

"Na wewe Mzee, unaiva sawa kiazi."

Bwawa zima lilicheka, na mzee akacheka kuliko wote. Ndipo nilipoona kwamba Saidi ameuachia mkono wangu mmoja.

Leo anauza viatu sokoni Kamembe. Wakati wa baridi huchechemea kidogo.

Sisi huwaosha wafu wetu kwa mikono yetu. Baba hatukumwosha. Sheikh alituambia kwamba anayekufa majini ni shahidi, tukamswalia bila mwili. Nilikubali, na bado nakubali. Lakini kila tulipotoka bwawani, nilimwosha Saidi miguu polepole, wa kulia kwanza, hadi katikati ya vidole, kama tunavyofundishwa kumwosha marehemu. Naye alitulia, akaniacha nimalize.