Saa Nne ya Bwana Dosari

Mwili wa mwanamume huyu haukuwa na ugomvi na mtu. Miaka yote ya ndoa yake ulikuwa ukiamka kabla ya jogoo, unajikuna, unapiga chafya ya kutikisa madirisha ya jirani, kisha unakwenda kuwasha tanuri. Ulikula ulipopewa, ukalala uliposhiba. Mwenye matatizo alikuwa ni yule aliyekaa ndani ya mwili huo.

Tanuri lenyewe lilikuwa la mkewe. Baba yake alilijenga kwa matofali nyuma ya nyumba, na alipofariki, binti akarithi tanuri, koleo refu la mbao la kuingizia mikate, na kisirani cha kutovumilia mkate mbichi katikati. Mume yeye aliletwa na ndoa. Zamani alikuwa fundi redio, na mtaa mzima unakumbuka redio zilizofia mikononi mwake. Inasemekana moja aliitengeneza kwa ufundi mkubwa hata ikawa inatangaza habari za juzi tu.

Mke alikanda, mume akawasha moto, akatia mikate na kuitoa, akaisukuma kwa mkokoteni hadi shule ya bweni ng'ambo ya reli. Hiyo kazi, kusema kweli, aliiweza. Shule ndiyo iliyokuwa ikiwaweka mjini. Watu wa mtaani walinunua mkate mmoja mmoja, tena baada ya kuubonyeza kila upande kama wanamtafuta mtu ndani. Bila shule, tanuri lingepoa, na mke alilijua hilo kila alipoinama kuchungulia makaa.

Basi nyuma ya duka la dawa kukafunguliwa ukumbi wa kufundishia Ayurveda, elimu ya kale ya Wahindi ya kutunza afya. Mwalimu alikuwa mama mpole, mgeni, aliyejifunza Kiswahili ukubwani kwa bidii. Alisema mwili una majira yake kama jua lilivyo na majira yake, na mtu akila, akifanya kazi na akilala kwa kuyafuata, hupata nafuu ya mambo mengi. Hakuna ubaya hapo. Ubaya ulikuwa kwa mwanafunzi.

Alirudi siku ya kwanza kifua mbele. "Mke wangu, leo nimeijua dosha yangu."

"Dosari ipi? Maana ziko nyingi."

"Dosha! Kila binadamu ana dosha tatu, ya hewa, ya moto na ya maji. Moja ndiyo inayomtawala."

"Na wewe dosari inayokutawala ni ipi?"

"Mimi ni mtu wa moto. Ndiyo maana nina akili kali na upara."

Wifi mtu, dada wa huyo bwana, alikuwa amekuja kuomba hamira. Akaangua kicheko hadi hamira ikamwagika. "Kaka, upara umeurithi kwa baba, na baba moto aliujua kwa kuota tu!"

"Na mimi je?" mke akauliza.

"Wewe ni maji na udongo. Watu wazito, wavumilivu. Mtu wa namna yako asipobeba vitu vizito anaugua."

Mke akamtazama. Wakati huo alikuwa na gunia la unga begani. Wifi akaondoka na hamira yake na habari hiyo, na kabla ya jua kutua mtaa mzima ulikuwa ukimwita Bwana Dosari.

Kesho yake Bwana Dosari akatangaza utaratibu mpya. Mwalimu amesema watu waamke saa nne. Mlo mkubwa saa kumi na mbili. Kulala, saa tisa.

"Saa nne?" mke akashangaa. "Saa nne mikate imeshaliwa na imeshasahauliwa!"

"Mwili haujui mikate."

"Na tanuri nani atawasha?"

"Mtu wa moto hasogelei moto. Moto juu ya moto ni maafa. Mwalimu amesema."

Mwalimu hakusema hivyo. Mwalimu alimwambia apunguze pilipili.

Ndipo mtaa ukaona mambo. Saa nne asubuhi, wenzake wakiwa wameshatoka jasho la kwanza na la pili, Bwana Dosari alikuwa anaamka. Anakwangua ulimi kwa kijiti cha shaba, kwa sauti ya mtu anayeparua samaki. Anasukutua mafuta mdomoni, mashavu yamevimba, ukimsalimia anakujibu kwa nyusi. Kisha anajipaka mafuta ya ufuta toka utosini hadi kwenye kucha, anang'aa kama mlango uliopakwa rangi jana. Nzi waliotua mgongoni kwake waliteleza wakaangukia kwa jirani. Saa tisa alasiri, watu wakiwa katikati ya shughuli, anajifungia kulala, na kwa mkoromo wake fundi viatu wa pale kona aliacha kugonga nyundo akidhani lori limekwama. Saa kumi na mbili jioni anaamka kula chungu kizima, kwa sababu moto wa tumbo, alisema, sasa umekolea. Halafu, kwa kuwa hakuna aliyemkataza, usiku analala tena kama watu wote, ili asichelewe kuamka saa nne.

"Unalala mara mbili," mke akamwambia.

"Mara moja ni usingizi. Ile nyingine ni dawa."

Na tanuri? Mke akabaki peke yake, akikimbia kati ya meza na moto. Akikanda, moto unazimika. Akichochea, kinyunya kinaumuka kupita kiasi, kinafurika mezani kama mtu mnene aliyekalishwa kwenye kiti cha mtoto. Mkate ukatoka juu umeungua, chini mweupe. Akausukuma mwenyewe, akafika shuleni watoto wakiwa wameshaingia darasani na njaa yao.

Jumamosi, mpishi mkuu wa shule akaja kwa miguu yake. Mwanamke mwenye mikono kama mihimili, na sauti ya kuitia watu ng'ambo ya mto. Hakukaa.

"Mama, wanangu wamekunywa chai na hewa tena."

"Nisamehe, dada. Mume wangu..."

"Anaumwa?"

"Angekuwa anaumwa ningepata la kusema. Anafuata majira ya mwili."

"Wa nani?" Mpishi akageuza sikio kuelekea chumbani, ulikotoka mkoromo. "Sikiliza, mama. Sina ugomvi na wewe, wala mkate wako sina neno nao ukifika. Jumatatu mkate uwe mezani kabla kengele haijalia. Usipokuwepo, nahamia kwa mwokaji wa stendi."

"Yule anayeuza upepo uliofunikwa ganda?"

"Upepo wake unafika mapema."

Mpishi alipoondoka, mke akaenda kwenye dirisha la chumba. Bwana Dosari alikuwa chali, anang'aa, tumbo linapanda na kushuka kwa raha zake. Mke hakumlilia, hakumwamsha. Alimtazama kama mtu anavyotazama sufuria lililotoboka, anakadiria litafaa kwa nini. Kisha akavaa viatu akaenda kwa wifi yake.

"Wifi, unaweza kushika koleo?"

"La tanuri au la kumpigia kaka?"

"La tanuri, kwanza."

"Nipe aproni."

"Lakini ni kaka yako, wifi. Hutaki umuulize kwanza?"

"Ni kaka yangu ndiyo maana simuulizi. Tumelelewa naye. Alipokuwa mdogo aliamua yeye ni kipofu mpaka vyombo vilipokwisha kuoshwa."

Wakakubaliana kuanza Jumatatu alfajiri, na Jumapili wifi akaja kujifunza kulisoma tanuri. Walikuwa uani wakifagia majivu wakati mwalimu wa Ayurveda alipobisha hodi mbele. Alikuwa anawatembelea wanafunzi wake, na huyu alikuwa amemsikia akisifiwa, hasa na yeye mwenyewe.

Bwana Dosari akampokea sebuleni na taulo kiunoni, kijiti cha shaba mkononi.

"Umechelewa leo?" mwalimu akauliza.

"Hata kidogo, mwalimu! Nimeamka saa nne barabara, kama ulivyofundisha."

"Saa nne. Na mpaka sasa bado ulimi?"

"Ndiyo kwanza nimeamka."

Mwalimu akatazama saa ya ukutani. "Lakini sasa ni saa kumi."

Bwana Dosari akacheka kwa heshima. "Saa kumi ni alasiri, mwalimu. Wakati huo mimi niko kitandani, kama ulivyoagiza."

Mke na wifi walikuwa wameshafika mlangoni, fagio mkononi. Mwalimu akawaangalia, akamwangalia mwanafunzi wake anayechuruzika mafuta, akaiendea ile saa. Akaweka kidole juu ya tarakimu ya nne.

"Saa nne," akasema polepole. "Hapa. Kabla ya jua. Giza."

Wifi akakaa chini sakafuni, palepale.

"Hiyo ni saa kumi, mwalimu," mke akasema. "Sisi tunaanza kuhesabu jua likichomoza. Hapo uliposhika, alfajiri, tunaita saa kumi."

Mwalimu akashika kichwa. "Kumi na mbili yangu..."

"Ni saa sita mchana yetu."

"Na tisa ya kulala..."

"Ni saa tatu usiku. Watu wote wanalala hapohapo, mwalimu, hata wasiosoma."

"Kwa hiyo darasa langu zima..."

"Wanakupenda sana," wifi akasema kutoka sakafuni, machozi yanamtoka. "Wanasema hawajawahi kupata elimu iliyowakaa mwilini namna hii!"

Mwalimu akaomba radhi kwa kila mtu, hata kwa fagio, akatoka mbio kwenda kuwaamsha wanafunzi wengine. Bwana Dosari akabaki na kijiti chake. Uso ulimkunjamana, ukakunjuka. Usidhani ni haya. Alikuwa anatafuta mahali pa kupitia.

"Basi," akasema mwisho, "kuanzia kesho naamka saa kumi alfajiri."

"Saa ileile uliyokuwa ukiamka toka siku ya harusi," mke akasema.

"Si ileile! Ile niliamka kwa mazoea. Hii naamka kwa elimu."

Mke akarudi zake uani kumalizia majivu.

Jumatatu aliamka kweli, hilo hanyimwi. Akaja uani saa kumi alfajiri, ameshajipaka na kusukutua, akakuta moto umeshakolea na dada yake ndani ya aproni, koleo mkononi, anachomoa trei ya kwanza. Mkate ulikuwa na rangi ya udongo wa mfinyanzi, pande zote. Bwana Dosari akanyoosha mkono apewe koleo. Wifi akamzunguka na trei yake, kama mtu anayekwepa mti.

"Mke wangu, mwambie huyu anipishe."

"Mkokoteni uko pale," mke akasema. "Sukuma."

Akasukuma. Mke akafuatana naye, maana siku hiyo hakuwa tayari kumwamini mtu na mkate. Njia nzima bwana yule aliwafundisha watu. Alimsimamisha mfagia barabara akamweleza faida za kuamka kabla ya jua. Mfagia barabara, aliyekuwa ameshamaliza mtaa mzima na nusu ya mwingine, akaegemea ufagio.

"Ndiyo umegundua leo?"

Alimweleza muuza maziwa. Muuza maziwa akamuuliza kama ameanguliwa juzi. Alipofika kwenye reli alianza kumweleza mlinzi wa kivuko, na mkewe akamkanyaga kisigino.

Walifika jikoni mwa shule watoto wakiwa bado wanapanga foleni nje, wanasukumana. Mpishi mkuu hakusalimia. Alichukua mkate mmoja, akaumega katikati, akaunusa, akabonyeza kiini kwa kidole gumba na kukiachia. Kikarudi juu. Mke alikuwa ameshika ubao wa mkokoteni kwa nguvu hata vidole vikamwuma.

"Haya," mpishi akasema. "Huo ndio mkate. Tunaendelea, mama."

Mke akauachia ubao. Kengele ikalia, na watoto wakaingia kama mafuriko.

"Siri yake, dada," Bwana Dosari akajisogeza mbele, "ni kuupatanisha mwili na..."

"Huyu ni nani?" mpishi akamuuliza mke. "Msukuma mkokoteni mpya?"

Mke akamtazama mumewe, toka kwenye upara unaong'aa hadi kwenye vumbi lililogandia miguu yake yenye mafuta.

"Ndiyo," akasema. "Wa majaribio."

Bwana Dosari akafungua kinywa kujitetea. Ikatoka miayo, mirefu, ya kumwonyesha mpishi mpaka dosha ya mwisho. Na alipomaliza kuipiga, mkewe alikuwa ameshapakua mikate yote, anamsubiri kando ya mkokoteni mtupu.