Jino Lililoandikwa "Nzuri"

Ndama alinipiga pembe mdomoni nyumbani Didia, likizoni, na jino la mbele likaanza kugeuka rangi. Niliporudi shuleni mjini Shinyanga, daktari wa meno, Mhindi mpole mwenye chumba nyuma ya duka la nguo, alilitoboa, akavuta mshipa uliokufa kwa waya mwembamba, akajaza dawa kwenye mzizi. Nilifurahi. Jino lilikuwa jeusi kidogo, lakini lilikuwa langu.

Baada ya miezi kadhaa kikatokea kipele juu ya ufizi. Daktari alikibonyeza, akafikiri sana.

"Njia ni mbili," alisema. "Nilifungue tena nisafishe mzizi upya, na huenda likapasuka. Au tuliache, tuliangalie. Kipele kikirudi, nitalifungua. Uje kila mwezi utuambie."

Nilichagua kuangalia. Niliogopa ule waya.

Mwezi wa kwanza nilimkuta karani wake, mtu wa pwani, mlangoni na daftari.

"Shikamoo."

"Marahaba, bwana meno. Habari za jino?"

"Nzuri."

Kwetu Usukumani mtu akikuuliza "Mhola?" unajibu "Mhola", yaani salama, hata kama zizi zima limekufa. Ndipo unakaribishwa kiti, unapewa maji, na shida inafuata. Nilikuwa nangoja kiti. Kipele kilikuwa kimerudi tangu wiki iliyopita. Lakini karani alikwisha kuandika.

"Nzuri. Haya, mwezi ujao. Mbona umesimama kama nguzo? Unataka chai?"

Waliokuwa wakingoja wakacheka. Nikaondoka.

Mwezi wa pili ikawa hivyo hivyo, na wa tatu. Nasema kweli: mara ya tatu nilijua kabisa kwamba hataniuliza tena, na bado nilisema nzuri. Nilikuwa nikikibonyeza kipele kwa ulimi, kinapasuka, nameza ile chumvi yenye harufu. Niliona haya hata kumwambia rafiki yangu wa kitanda cha jirani bwenini.

Kisha uso ukavimba hadi jicho likafumba. Mwalimu akampelekea mama habari. Alifika kutoka Didia na vumbi hadi magotini, akanishika mkono kama mtoto wa miaka mitano, tukaenda.

Daktari alifungua daftari. "Nzuri. Nzuri. Nzuri." Akanitazama. "Kijana, wewe ulisema haya?"

Nilitikisa kichwa kukubali.

"Daktari," mama alisema, "mwanangu alikuwa anajibu salamu tu."

Karani aliinamisha uso. Safari hii hakuna aliyecheka.

Daktari aligusa jino kwa kidole, likacheza. Alisema mfupa umekwisha kuliwa; kulifungua sasa ni kazi bure. Alilivuta. Usaha ulitoka mwingi kuliko damu.

Aliliosha akaliinua dirishani, akaligeuza mara mbili. Alituonyesha: dawa yake ilikuwa imeishia katikati ya mzizi. Kule chini kulikuwa wazi.

"Haikufika," alisema polepole. "Ningelifungua mwezi ule wa kwanza, ningeona."

Mama alinitazama mimi, kisha daktari, kama asiyejua amlaumu nani. Alilifunga jino kwenye pindo la kanga yake. Njiani alinisemesha mara moja tu.

"Fumba mdomo. Upepo utaingia."