Mtango Uliovuka Ua

Nyinyi vijana mnaonunua matango pale sokoni Ukunda, mkayaosha kwa maji ya mfereji mkala, kila mkija mnaniuliza kwa nini uani kwangu hakuna tango hata moja. Kaeni basi niwaeleze, msinirudie tena na swali hilo.

Bendera ya uhuru ilikuwa bado mpya wakati huo. Nilikuwa na mtoto mmoja tu, wa kike, ameacha kunyonya si zamani. Tulikaa upande wa Msambweni, mimi, mume wangu na mavyaa wangu, mamake mume. Nyuma ya nyumba nililima mchicha, mamumunye na matango. Ng'ambo ya ua wa makuti alikaa mzee mmoja peke yake, naye akilima matango. Yake yalikuwa mazuri kuliko yangu, na alijua.

"Mitango yako imelala kama imetoka harusini," alikuwa akiniambia.

"Yako inakula samadi ya mbuzi, babu. Yangu inakula majivu."

Mwaka ule wezi wa mashambani walizidi. Mzee akaenda bara, akarudi na kago, ile dawa ya kulinda mimea. Ilikuwa chupa ndogo ya maji meusi iliyofungwa kitambaa chekundu, akaitundika juu ya mti katikati ya mitango yake. Mwenye kago lazima atangaze, naye akasimama uani akasema, "Nimekaga. Msije mkasema sikuwaambia." Sote tulijua maana yake. Anayekula kilichokagwa huvimba tumbo mpaka mwenye dawa amfungue. Nilipokuwa msichana nilimwona mtu aliyekula nazi za wenyewe namna hiyo, amelala mkekani, tumbo limewamba kama ngoma. Hakufunguliwa. Nilimwona pia akichukuliwa jenezani.

Basi alasiri moja mavyaa akaona tango kubwa limejificha chini ya majani, upande wetu wa ua. Akalikata kichwa, akasugua mpaka povu likatoka, kama tunavyotoa uchungu, akampa mtoto na chumvi. Mtoto akalimaliza.

Asubuhi aliamka akilia. Nikamshika tumbo, nikaondoa mkono. Lilikuwa limewamba.

Mavyaa akalipapasa. Alitoka nje nami nikamfuata. Alipiga magoti mitangoni, akawa anaufuata ule mtango kwa vidole, jani kwa jani, na ile miba yake midogo inamchoma. Nilikuwa naomba ugeuke uje kwenye tuta langu. Haukugeuka. Ulipita chini ya makuti ukatokea ng'ambo, ukaenda mpaka shinani kwa mzee.

"Ni wake," akasema.

Mume wangu alikuwa ametoa baiskeli. "Hilo ni tumbo kama matumbo mengine. Nampeleka hospitali. Mambo ya chupa na vitambaa sitaki kuyasikia, sisi tunasali."

"Mpeleke," nikamwambia. "Mimi namfuata mwenye mitango huko Bodo msibani."

"Uende mpaka Bodo kwa ajili ya tango?"

"Kwa ajili ya mwanangu."

Mavyaa akapanda nyuma na mtoto mapajani. Mume wangu alijifanya hana hofu, lakini baiskeli ilikwenda upande kama ya mlevi.

Mzee alikuwa Bodo matangani, amefiwa na dadake. Nilipanda lori la miwa mpaka njia panda, kulikobaki nikaenda kwa miguu, karibu kukimbia. Nilikuwa nikiwaza, je, kama amevuka kwenda kisiwani Funzi? Kama ameshaondoka, tukapishana njiani? Nikamkuta amekaa na wanaume jamvini.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Umefuata mbegu mpaka huku?" Akacheka.

Nikamweleza. Kicheko kikakatika.

"Lilikuwa upande wa nani?"

"Upande wetu. Shina ni lako."

Akanivuta kando ili wenziwe wasisikie. "Mjukuu wangu, yule aliyenipa dawa alinifundisha kufunga. Kufungua hakunifundisha. Na sasa ni marehemu."

Nikamshika mkono, nikamwambia, "Twende hivyo hivyo, babu."

Tuliporudi, mtoto alikuwa ameshapewa dawa hospitali, amelala, tumbo bado gumu. Mzee hakupiga hodi kwanza. Alikwenda mitangoni kwake akaitungua ile chupa, akachuma tango, ndipo akaingia. Akapiga magoti mkekani, akamtilia mtoto lile tango mkononi.

"Hili nimekupa. Na lile ulilokula nimekupa. Na yote yaliyovuka nimekupa." Mume wangu alisimama mlangoni, asimfukuze.

Karibu na magharibi mtoto akaenda haja, tumbo likalegea, akaomba uji. Mume wangu alisema ni dawa ya hospitali. Mavyaa alisema ni mkono wa mzee. Mimi nilikuwa nakoroga uji.

Lakini asubuhi yake nilipotoka na ndoo ya maji, niliona ncha changa ya mtango wa mzee imeshapenya tena chini ya makuti, imeshika ua wetu kwa vikono vyake. Maji yakanimwagikia miguuni. Nikaita nyumba nzima.

"Mitango yetu na mimumunye yote ng'oeni sasa hivi. Huo uliovuka urudisheni kwao kwa fimbo, mtu asiuguse kwa mkono. Kisha hapo pandeni bamia na biringani. Katika ua huu hakioti tena kitu kisichosimama mahali pake."