Aliyeitikia Amina

Mtasema ilikuwa njaa ya mfungo. Semeni. Ni kweli nilikuwa siku ya tatu sijala, lakini njaa haiwezi kumwita mtu jina lake. Haya yalinikuta mimi mwenyewe, saa sita mchana, jua la utosini, kwenye shamba langu karibu na ghuba ya Tungue, huku Palma, kaskazini mwa Msumbiji.

Miaka ile gesi ilikuwa imeonekana baharini, na Palma nzima hakuna habari ila ya kuhamishwa. Watu wa tume ya fidia walikuja kuhesabu mali yangu, mikorosho na vyote, wakaandika karatasi, wakaniambia nitie saini Jumatatu. Shamba lile aliniachia mama, niliyeshuka naye kutoka Mueda, kule bara, nikiwa mdogo, na amezikwa humo humo. Nitie, nisitie? Pasta wetu akaniambia, "Funga, ndugu yangu. Mwombe Mungu akuletee malaika." Nikafunga. Nikaomba mpaka magoti yakachubuka. Mungu kimya. Siwafichi, nilimkasirikia.

Basi siku hiyo ya tatu akatokea mzee katikati ya mikorosho. Kanzu nyeupe, kofia ya kufuma, fimbo mkononi. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi, chini tope tupu, na nyuma yake hapakuwa na alama ya mguu hata moja. Akaniita kwa jina la utotoni, lile alilonitania nalo mama peke yake. Hata mke wangu halijui. Akagonga fimbo chini, akasema, "Mwanangu, karatasi ile usiitie saini kabla..."

Sikumwacha amalize! Kanisani tumefundishwa kukemea pepo, na kwa kukemea mimi sina mpinzani. Nilichokiona ni ile kofia tu. Nikasema hili ni jini la pwani, limekuja kunichezea. Nikapiga kelele, "Kwa jina la Yesu, toka!"

Mnajua alifanya nini? Hakulia, hakukimbia. Alinitazama kwa huruma, akaitikia, "Amina." Kisha pale aliposimama hapakuwa na mtu.

Nilifika nyumbani, nikamsimulia mke wangu. Akaacha kutwanga.

"Baba Roza, yule malaika wa kwenye picha pale kanisani kavaa nini?"

"Kanzu."

"Nyeupe?"

"Nyeupe."

"Sasa ulitaka aje na suti?"

Nilimnunia. Jumatatu nikatia saini kwa ukaidi, ili jini lijue siliogopi. Uzio wa kampuni ya gesi ulipoanza kujengwa ndipo nikaomba nisomewe karatasi upya. Mikorosho ishirini na mitatu, imo. Kisima kimo. Kaburi la mama halimo. Walihesabu makaburi kwa kutazama misalaba, na msalaba wake wa mti uliliwa na mchwa zamani, nami kila mwaka nilisema nitasimika mwingine. Na yule mzee aligonga fimbo wapi? Pale pale alipolala mama.

Majirani walihamishiwa makaburi yao, wakaimba, wakazika upya. Mama yangu yuko ndani ya uzio, na mlinzi wa langoni hanipitishi. Mpaka leo nikifika kwenye "Amina" katika sala, sauti inakatika. Nakasirika, na siwezi tena kumkasirikia Mungu, maana alinijibu.

Sasa ninyi mnaokesha mkiomba malaika, nisikilizeni. Akija mtu, mpeni kiti. Mwacheni amalize kusema.