Mwalimu wa Masereka na Tundu la Moyo

Nilienda ng'ambo kusomea mioyo ya watu wazima waliozaliwa na kasoro. Huko nilimwona profesa wangu akiziba tundu la moyo kwa mrija mwembamba aliopitisha katika mshipa wa paja, na mgonjwa akarudi nyumbani kwa miguu yake. Nilirudi Butembo, mashariki mwa Kongo, na elimu hiyo yote, nikakuta mashine moja tu ya ekografi, ile ya kutazamia moyo kwa mawimbi ya sauti.

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi alikuja kutoka Masereka na mume wake. Midomo yake ilikuwa ya bluu, ncha za vidole zimevimba. Tangu utoto walimwambia ni pumu. Sasa alikuwa na mimba changa.

Nilimpima kwa ekografi. Tundu lilikuwa kubwa, na presha ya mapafu ilikuwa imepanda hata damu chafu ikageuza njia, ikaingia upande wa damu safi. Tundu lililofikia hapo halizibwi tena, hata ng'ambo. Ukiliziba, unamuua mgonjwa.

"Dokta, utanifungia hiyo tundu?"

"Haiwezekane tena, mama. Na hii mimba inaweza kukuua. Afazali tuitoe mapema."

Alimtazama mume wake, kisha akanitazama mimi. "Donc ulienda kusoma mbali yote ile, ukuye kuniambia hapana?"

Mimba alikataa kuitoa. Nilimpigia profesa simu, akanitajia dawa ambazo hapa kwetu hazijawahi kufika. Basi nikamwomba mama yule abaki Bulengera, hapa mjini, kwa dada yake, awe karibu na hospitali.

Alijifungua kabla ya wakati wake, mtoto wa kike, mdogo lakini mwenye sauti kali. Kesho yake nilimkuta ameketi kitandani, anakula bugali na sombe ya majani ya muhogo.

"Dokta, ulinitisha bure!"

Tulicheka wote. Lakini nilikuwa nimefundishwa kwamba hatari kubwa huja baada ya kuzaa, pale ambapo kila mtu ameanza kutulia. Asubuhi na jioni nilipita kusikiliza moyo wake, nisiwe na la kufanya zaidi ya kusikiliza.

Wiki haikuisha. Alikata roho asubuhi akinyonyesha, oksijeni ikiwa puani, nami nimesimama palepale.

Mume wake alinifuata uani. "Ulijua, Dokta?"

"Nilijua."

"Na dawa haiko?"

"Haiko, papa."

Akarudi ndani kumchukua mtoto, aliyekuwa analia njaa.